Milimita Mbili na Ushei

Karakana yetu ya Katindo ina dirisha moja
na pompu moja, nayo ina kikohozi.
Mezani, sanamu ya plasta: mguu wa Nabintu,
yaani pale mguu unapokoma, chini ya goti.
Nimeuvisha kitambaa cha nyuzi za kioo, tabaka nane,
cheupe kama chumvi iliyosagwa,
kinachowasha mikono hadi usiku wa manane.

Pima, anasema Fundi Kyakimwa.
Napima. Milimita nne na nusu.
"Hiyo ni hewa, usiiamini. Kitambaa kikiwa huru
hujitutumua kama mgeni asiyejua nyumba ni ndogo."

Ananionyesha kwa ncha ya kucha:
uzi wa mshindio unapanda juu ya mtande,
unazama, unapanda tena.
Kila makutano ni kilima, kila pengo ni bonde.
Ukikandamiza, vilima vya tabaka hii
vinatafuta mabonde ya tabaka ile.
Vikikutana kilima kwa kilima, ukuta unakuwa mnene.
Vikiangukiana, kilima bondeni,
tabaka nane zinalala kama tano.
Huwezi kuzipanga kwa mkono.
Zinajipanga zenyewe, au zinakataa.

Nikakumbuka (sikusema) godoro letu kule Ndosho
tangu mama mdogo alipofika na wanawe kutoka Sake:
goti langu nyuma ya goti la Mwamini,
kidevu cha Mwamini kisogoni pa mdogo wake,
na mmoja akigeuka, tunageuka sote.

Tukavuta mfuko wa nailoni,
tukaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli,
pompu ikaanza kukohoa.
Mwanzoni kitambaa kinakubali haraka, kinashuka
kana kwamba hakikuwa na neno.
Kisha kinaanza kubisha.
Nyuzi zimegusana, zilizokuwa mviringo zimekuwa bapa,
na sasa kila unywele mmoja wa unene unalipiwa.
Tatu. Mbili na nukta nane. Mbili na nukta saba.
Mshale unatulia; lakini nenda ukanywe chai, urudi,
utakuta nukta sita, na hakuna aliyeongeza nguvu:
nyuzi zilikuwa zikitelezeana taratibu, peke yao.

Ndipo umeme ukakatika.

Tukasikia mfuko ukivuta pumzi.
Kitambaa kikainuka kama unga wa mandazi,
ila hakikufika kilipotoka.
Tatu na nusu, kikaishia hapo.
Resini, asante Mungu, ilikuwa bado ndooni, haijachanganywa.
"Kimeshabanwa mara moja," akasema Fundi. "Hakisahau."

Akaleta pompu ya baiskeli, ngozi yake ya ndani kaipindua
ili inyonye badala ya kupuliza.
Nikavuta mara mia mbili, nikavuta mia tatu,
jasho likidondoka nje ya mfuko, si ndani.
Safari hii hakikubisha kama kwanza.
Kikashuka kwa njia iliyokwisha kukanyagwa:
mbili na nukta tatu,
chini kuliko umeme ulivyowahi kukifikisha.

"Acha!" Nikadhani ananisifu.
"Ukizidisha, resini itapita wapi?
Pasipo na mwanya hapanywi.
Patabaki pakavu, na pakavu ndipo patakapopasuka,
siku yeye yuko katikati ya Birere na beseni kichwani."
Akarudisha hewa kidogo, kidogo tu,
kama mtu anayelegeza mkanda wa mtoto aliyeshiba.

Resini ikaingia, rangi ya chai nyepesi,
ikapanda, na palipokuwa peupe pakawa angavu
hata tukaiona plasta chini yake.
Kilipolowa, kitambaa kikateleza,
kikajilaza unywele mmoja zaidi. Huo hatukuuandika.

Nabintu alikuja Jumatano, sombe zake kaziacha kwa jirani.
Hakuuliza habari za tabaka.
Aligonga ukingo kwa kucha, akasikiliza,
kama anayenunua chungu.
Akaingiza kigutu, akasimama, akaegemea,
uzito wake wote na wa njia yote ya kutoka Minova.
Tukanyamaza, hata pompu.

"Hapa," akasema, "panabana."

Fundi akachukua penseli, akapatia alama.